Mfumaji wa Van Gogh (1884): hapa kachorwa fundi au kimechorwa chombo chake?

#1 KalamuYaMkaa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Wapenzi wa sanaa, leo naomba tuikalie picha moja tu. Ni ya Vincent van Gogh, ya mwaka 1884, na iko Museum of Fine Arts kule Boston. Mfumaji ameelekea kushoto, yuko ndani ya kitanda chake cha kufumia, na upande wa kulia kuna gurudumu la kuzungushia uzi. Hakuna kisa kingine.

Nikisema yuko ndani ya kitanda, namaanisha ndani kabisa. Mihimili imempita mbele, nyuma na kichwani. Ukiitupia jicho mara ya kwanza unaona mbao nzito zilizoungana, kamba, fremu, kiza. Mtu unamkuta baadaye, tena kwa kumtafuta. Sasa wengi wetu tuliofundishwa kuchora tuliambiwa uso ndio mlango wa picha: anza na mtu, vitu vitamfuata. Huyu bwana kafanya kinyume, na si mara moja. Alihamia kwa wazazi wake kijiji cha Nuenen, Brabant ya Kaskazini huko Uholanzi, Desemba 1883, akiwa na miaka 30. Baba yake alikuwa mchungaji pale. Kijijini kulikuwa na watu wanaofumia nguo majumbani mwao, na kufikia kiangazi cha 1884 alishawachora katika picha kama kumi za rangi za mafuta, ukiacha michoro ya wino na ya rangi za maji. Karibu zote ni hivyo hivyo: chombo kikubwa, mtu mdogo.

Na alijua anachofanya. Alimwandikia rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard, kwamba kile kitanda ni dude jeusi la mwaloni uliochakaa kwa uchafu, na katikati yake amekaa kitu kama nyani mweusi au zimwi, akizigongesha zile mbao toka asubuhi mpaka usiku. Mfumaji mwenyewe alimweka kwa mikwaruzo michache tu, pale alipomwona amekaa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipige vizuri: naona hii ndiyo heshima kubwa kuliko zote anayoweza kupewa fundi kwenye picha. Karibuni.

---

#2 MbishiDaima

Heshima? Mkuu, umemwita mtu nyani halafu unasema umemheshimu?

Mimi nina maelezo mafupi zaidi. 1884 jamaa alikuwa bado hajui kuchora watu vizuri. Mbao hazicheki, hazitikisiki, hazidai malipo. Kachora alichokiweza, mtu kamficha gizani. Leo kwa sababu ni Van Gogh tunamtafutia falsafa. Angechora fulani asiyejulikana tungesema "kazi ya mwanafunzi, mwanga hafifu".

---

#3 MzeeWaBrashi

Mbishi, hapo umekwenda haraka. Huyu mtu alishachora watu wengi sana akiwa The Hague kabla ya kufika Nuenen. Mchoro wake "Sorrow" wa mwanamke aliyejikunyata ni wa 1882. Na majira ya baridi ya 1884 kuingia 1885 akiwa hapo hapo Nuenen alichora vichwa vya wakulima, picha kama arobaini za mafuta, uso baada ya uso. Kwa hiyo nyuso alizitaka na alizichora. Kwenye kufuma aliamua vingine.

Ila kuna sababu ya kawaida ambayo wasiochora kwa kutazama huisahau: nafasi. Vyumba vya wale wafumaji vilikuwa vidogo na kitanda kimejaza chumba chote. Yeye mwenyewe alilalamika kwenye barua kwamba ni vigumu kuvichora kwa sababu huwezi kurudi nyuma ukakiona chombo kizima. Ukikaa karibu namna hiyo, mhimili wa mbele unakuwa mkubwa ajabu na kichwa cha mtu aliye nyuma yake kinapungua. Macho yenyewe yanaanza kukupangia picha kabla hujapanga wewe.

Hiyo haifuti hoja ya mleta mada. Angeweza kudanganya vipimo kama wengi walivyofanya, akakata nguzo moja ili uso upate mwanga. Hakukata.

---

#4 MbishiDaima

Sawa, la vichwa arobaini nimelipokea. La nyani bado linanikaa kooni.

---

#5 FumaTaratibu

Nimekuwa nasoma kimyakimya lakini hapa nimeguswa, maana mimi nafuma kwa mkono, ndiyo kazi yangu. Naomba niwaeleze mtu anafanya nini pale ndani, maana naona mnamzungumzia kama amekaa tu.

Kuna nyuzi za mtande, zile ndefu zilizokazwa toka nyuma ya kitanda mpaka mbele. Ni mamia, na kila moja imepita kwenye tundu lake. Ukikanyaga ubao wa chini kwa mguu, nusu ya nyuzi zinapanda na nusu zinashuka, katikati inafunguka njia. Hapo ndipo unapopitisha uzi wa mshindio, ambao umebebwa na kibao chembamba kilichochongoka ncha zote mbili. Kwenye vitanda vya kurusha, mkono mmoja unavuta kamba na kile kibao kinaruka chenyewe toka upande mmoja hadi mwingine. Mkono wa pili unavuta fremu yenye chanuo na kuupiga ule uzi ukae mahali pake. Unabadilisha mguu, njia inafunguka kinyume, unarusha tena. Kanyaga, rusha, piga. Ukipata mwendo wako hufikirii tena mkono wala mguu, unasikiliza. Uzi ukikatika unausikia kabla hujauona.

Sasa rudini kwenye picha. Mtu anayefanya hivyo huwezi kumtenga na kitanda. Miguu yake ni sehemu ya chombo, mikono pia, na mgongo wake umepinda kulingana na urefu wa boriti ya mbele. Mchoraji angenitoa nje ya kitanda ili uso wangu uonekane vizuri angekuwa amechora mtu anayepumzika karibu na kitanda.

Na ile kuvutwa kwa jicho kwenye mbao kwanza, sijui nyie, mimi hata nikiingia kwenye chumba cha mfumaji mwenzangu naangalia kitanda kwanza. Kimekazwaje, kimelegea wapi, boriti imepinda au la. Salamu zinafuata. 😄

---

#6 KalamuYaMkaa

FumaTaratibu, hapo kwa kusikiliza umenifungulia kitu. Kwenye barua ile ile kwa Van Rappard alisema ukiweka mchoro wake kando ya mchoro wa fundi mitambo aliyebuni kitanda cha kufumia, ule wa fundi mitambo utakuwa sahihi zaidi kwa vipimo. Lakini wake utasema vizuri zaidi kwamba hiki kitu ni mwaloni ulioingia weusi kwa mikono yenye jasho. Na kwamba hata kama hujamchora mtu kabisa, ukitazama utamfikiria mfanyakazi. Alitaka kutoka kwenye lile rundo la mbao mara moja moja usikike kama mguno, au kilio.

Mbishi, hapo ndipo jibu la "nyani" lilipo kwangu. Alikuwa anaeleza lile dude linamfanya mtu aonekane vipi akiwa humo ndani, gizani. Lugha yake ni kali, sikatai.

---

#7 Mwanahamisi_R

Kaka zangu mmekaa na mbao na nyuzi mpaka basi. Mbona hakuna aliyeuliza lile gurudumu la kulia ni la nani?

Uzi wa mshindio hauingii wenyewe kwenye kile kibao. Kuna mtu anauzungusha kwenye vijiti vidogo, siku nzima, ili mfumaji asisimame. Van Gogh mwenyewe ameliandika hilo: mfumaji akifuma, mkewe lazima akae azungushe uzi, kwa hiyo kipande kimoja cha nguo kinafanyiwa kazi na watu wawili na wote wawili wanakula humo humo. Kwenye picha ya Boston gurudumu lipo, mwanamke hayupo. Mwanamume kaingia ndani ya chombo, sawa, mmemlilia. Mwanamke hata kwenye chombo hayupo, kimebaki kifaa chake.

Na mtoto je? Kuna barua ya 1884 anaeleza kitanda kimoja cha zamani cha mwaloni wa kijani-kahawia, juu yake pamechongwa tarakimu za mwaka 1730. Kando yake kuna dirisha dogo linaloangalia kiwanja cha majani, na hapo kuna kiti kirefu cha mtoto. Mtoto anakaa humo kwa saa nyingi akitazama kibao cha uzi kikiruka huku na huku. Hiyo ndiyo karakana ya kijijini ilivyo kweli: mwanamume, mke, mtoto, chumba kimoja. Nyie mnasema "fundi" kama ni mtu mmoja.

---

#8 MzeeWaBrashi

Bi Mwanahamisi, hoja imesimama. Niongeze tu ili tusimwonee mchoraji: mtoto alimchora, kuna mchoro wa wino wa mfumaji na mtoto kwenye kile kiti. Na mapema 1885 alichora mwanamke kwenye gurudumu kwa rangi za mafuta, iko Van Gogh Museum, Amsterdam. Gurudumu peke yake pia alilichora.

---

#9 Mwanahamisi_R

Asante mzee. Lakini ona ulivyosema mwenyewe: mwanamke kwenye picha yake, mwanamume kwenye picha yake. Kazi ilikuwa moja.

---

#10 FumaTaratibu

Dada umesema kweli tupu. Bila mtu wa kunizungushia uzi, saa yangu moja ya kufuma inakuwa nusu saa.

---

#11 JichoLaPembeni

Naomba nivute uzi kidogo kwenda kwa wahunzi, tutarudi kwa mfumaji. Nikitaka kupima dai la mleta mada, nalinganisha na mafundi wengine walivyochorwa.

Ndugu wa Le Nain, Ufaransa, karne ya 17: kuna picha yao kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, ya mhunzi katika karakana yake. Familia imesimama kuzunguka moto, na mhunzi anatutazama sisi. Picha nzuri mno, nyuso zina utulivu wa ajabu. Ila kazi imesimama. Wanatungoja tuwatazame halafu waendelee.

Joseph Wright wa Derby, Uingereza. Alichora wahunzi mara kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 1770. Iliyo kwenye makumbusho ya Tate, Uingereza, "An Iron Forge" ya 1772, mwanga wote unatoka kwenye kipande cha chuma kilichoiva kikawa cheupe. Nyundo inaendeshwa kwa nguvu ya maji. Na katikati kasimama mwenye karakana, amekunja mikono, amependeza, familia yake pembeni. Anayeshika chuma kainama. Ukiuliza picha inamtukuza nani, jibu ni aliyekunja mikono.

Halafu Goya, "The Forge", ya kati ya 1815 na 1820 hivi, Frick Collection, New York. Wanaume watatu juu ya fuawe, mmoja ametupa mgongo na nyundo iko juu. Hakuna paa, hakuna ukuta, hakuna mvukuto wa maana wa kuuona. Ni mgongo, mikono na chuma chekundu. Hapo mtu ni kila kitu, chombo karibu hakipo.

Kwa hiyo njia ni nyingi: fundi anayekutazama, fundi aliyefunikwa na tajiri wake, fundi aliye nguvu tupu. Van Gogh peke yake kati ya hawa ndiye aliyechora chombo kana kwamba ndicho chenye historia. Kile cha kwenye barua kina mwaka 1730 umechongwa juu yake! Kitanda kama kile kilikuwa kimekula wafumaji wangapi kabla ya Van Gogh kukiona?

Mimi binafsi Goya ndiye ananipiga kifuani. Lakini ukinipa picha ya kujifunza kazi inavyofanywa, nitachukua mfumaji.

---

#12 MbishiDaima

Hapo JichoLaPembeni umeanza kunishawishi, jambo nisilolipenda.

Lakini ngoja niwaulize swali la pesa, maana kila mahali panapotajwa umaskini kwenye picha nauliza pesa. Fundi alipata nini, mchoraji alipata nini? Mtoto wa mchungaji anaingia kwenye chumba cha mtu maskini, anakaa na kalamu yake, anaandika kwamba anasikia kilio cha mbao. Kwani mbao zinalia? Mwenye kulia yuko pale, muulize!

---

#13 KalamuYaMkaa

Pesa tunazo, aliandika. Januari 1885 alimweleza nduguye Theo kwamba mfumaji akijitahidi kwa wiki nzima anabaki na kama gilda 4.50 kwenye kipande kimoja. Na akikipeleka kwa mwenye kiwanda mara nyingi anaambiwa asilete kingine mpaka wiki moja au mbili zipite. Ujira mdogo, na kazi yenyewe haipo.

Na aliwasikiliza. Alisema hajawahi kusikia kwao maneno yanayofanana na uasi, ila furaha waliyonayo ni kama ya farasi wazee wa magari ya kukodi, au kondoo wanaopelekwa Uingereza kwa meli. Mtu asiyeuliza haandiki hivyo.

Sasa upande wa pili. Theo alikuwa akimtumia kama faranga 150 kwa mwezi miaka ile. Kwa viwango vya wakati huo hiyo ni gilda sabini na kitu. Mfumaji ambaye hakukosa kazi hata wiki moja alipata kama kumi na nane kwa mwezi, yeye na mkewe. Kwa hiyo ndiyo, Mbishi, mchoraji alikuwa na mara nne ya mfumaji, na alikuwa anaishi kwa baba yake. Ingawa katika hizo alinunua rangi na kuwalipa waliomkalia.

---

#14 MbishiDaima

Asante kwa kutoficha hesabu. Mara nne! Halafu yeye ndiye tunayemwita maskini kwenye kila makala.

---

#15 JichoLaPembeni

Mara nne ya kutolewa na ndugu, lakini. Tazameni mwezi Machi 1884, wakati yuko katikati ya hawa wafumaji, ndipo alipomjia juu Theo kwamba hajawahi kumuuzia hata kazi moja, wala hajajaribu. Akataka zile pesa zihesabiwe kuwa malipo ya picha anazotuma, zisiwe msaada. Yaani kila mwezi anapeleka mzigo Paris, alikokuwa Theo akifanya biashara ya picha, na Theo hauuzi.

Na huku jirani yake anapeleka kipande kwa mwenye kiwanda, anaambiwa subiri.

Sisemi walikuwa sawa, hesabu ya KalamuYaMkaa imeshakataa. Nasema alikuwa amekaa mbele ya mtu ambaye tatizo lake analijua: unafanya kazi kwa kipande, na anayeamua kama kipande kina thamani yuko mjini.

---

#16 Mwanahamisi_R

Hiyo nimeipenda. Ila mfumaji hakuwa na Theo.

---

#17 KidatoChaRangi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, nina swali dogo kuhusu rangi. Hizi picha za Nuenen mbona ni tope tupu? Kahawia, kijani cha mwani, nyeusi. Mtu huyu huyu miaka minne baadaye anachora alizeti zinazowaka. Alikuwa hana pesa ya rangi nzuri au?

---

#18 MzeeWaBrashi

Marahaba mwanangu. Swali dogo hilo lina jibu refu, nivumilie.

Kwanza, chumba kilikuwa na giza kweli. Dirisha dogo, mbao nyeusi, labda taa ya mafuta. Ukipaka njano ya alizeti mle ndani umedanganya.

Pili, ukiweza kupata nakala nzuri, si ile ya simu iliyofifia, utaona kwamba ile nyeusi si nyeusi. Mwaka 1884 alikuwa amezama kwenye maandishi ya Charles Blanc, mwandishi wa sanaa wa Ufaransa, kuhusu mchoraji Delacroix na kanuni za rangi zinazopingana: nyekundu na kijani, buluu na chungwa, njano na zambarau. Ukiziweka ubavu kwa ubavu kila moja inaipandisha mwenzake. Ukizichanganya zinauana, unapata kijivu. Lakini kijivu hicho kinakuwa hai kuliko cha kuchanganya nyeusi na nyeupe, kwa sababu bado kinaelemea upande fulani. Alikuwa anajifunza kutengeneza kijivu cha namna hiyo. Wewe unaona tope, yeye alikuwa anahesabu.

Na hapa wafumaji walimfundisha, kwa maoni yangu, kuliko kitabu. Nguo ya kijivu iliyofumwa vizuri ukiisogelea haina hata uzi mmoja wa kijivu. Kuna buluu, kuna kahawia nyekundu, kuna nyeupe chafu. Jicho ndilo linalochanganya ukiwa mbali. FumaTaratibu atanisahihisha.

---

#19 FumaTaratibu

Sikusahihishi, nakuunga mkono. Mtande wa rangi moja na mshindio wa rangi nyingine, nguo inatoka rangi ya tatu ambayo hukuinunua dukani. Tena inabadilika ukiigeuza kwenye mwanga. Ndiyo maana tunajaribu kipande kidogo kwanza. Uzi ukiwa kwenye bonge unasema uongo.

---

#20 MzeeWaBrashi

Umetaja mabonge, umenikumbusha. Pale Van Gogh Museum kuna kisanduku chake chekundu chenye mabonge madogo ya sufu za rangi, nyingine zimesokotwa mbili mbili na zaidi kwa pamoja. Inaaminika alizitumia kujaribu rangi zipi zinaelewana kabla ya kugusa brashi.

Na Aprili 1885, alipokuwa anamalizia "Wala Viazi", alimwambia Theo kwamba majira yote ya baridi alikuwa ameshika mkononi nyuzi za kitambaa hiki, akitafuta mfumo wake wa mwisho. Kitambaa kimetoka kikavu na kigumu, ila nyuzi zilichaguliwa kwa uangalifu na kwa kanuni. Anaongelea picha ya watu wanaokula viazi hapo! Alishaanza kusema kama majirani zake.

---

#21 KidatoChaRangi

Aisee. Kwa hiyo ule mchapo wa brashi wa miaka ya baadaye, mistari inayopitana…

---

#22 MzeeWaBrashi

Taratibu. Ule una vyanzo vingi: Paris, michapo ya Kijapani, kalamu ya mwanzi. Usiutundike wote kwenye msumari mmoja kwa sababu leo tunaongelea wafumaji.

---

#23 MsomajiMkimya

Mimi swali langu ni kwa nini wafumaji hasa? Kijiji kilikuwa na wakulima, wachimba viazi, kanisa. Aliwaona wapi hawa?

---

#24 KalamuYaMkaa

Alikuja nao kichwani. Mwaka 1880, akiwa bado Ubelgiji kwenye eneo la migodi ya makaa ya Borinage, alisafiri sehemu kubwa kwa miguu hadi Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, njiani akapita vijiji vya wafumaji. Septemba mwaka huo akamwandikia Theo kwamba wachimba makaa na wafumaji ni watu wa peke yao kati ya mafundi wote, na kwamba angefurahi siku moja kuwachora ili watu wasiojulikana wajulikane. Mchimba makaa alimwona kama mtu wa kutoka shimoni. Mfumaji alimwona mwenye ndoto, karibu kama anayetembea usingizini.

Miaka mitatu baadaye akajikuta anaishi kati yao. Na kumbukeni wakati wenyewe: kitanda cha kufumia kinachoendeshwa na mtambo Edmund Cartwright alikipatia hataza Uingereza mwaka 1785. Ni karibu miaka mia moja kabla. Hawa wa Nuenen walikuwa wanashindana na viwanda kwa miguu yao.

---

#25 FumaTaratibu

"Anayetembea usingizini" ni kweli kwa nje. Ndani uko macho mno. Umehesabu mikanyago, umesikia uzi wa kushoto umelegea, unajua umebakiza mshindio wa dakika chache. Uso ndio unaolala, kwa sababu hauna kazi. Labda ndiyo maana hakuona haja ya kuuchora.

---

#26 MbishiDaima

Jamani. Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili. Nakubali kitanda. Nyani sikubali.

---

#27 KidatoChaRangi

Nimepewa kazi ya kuchora fundi akiwa kazini, nimechagua mhunzi. Nilikuwa nimeshaanza na uso. Baada ya uzi huu sijui nifute au niendelee. Mnanishauri nini, wakubwa?

---

#28 MzeeWaBrashi

Usifute, weka pembeni. Chukua karatasi nyingine ukae na fuawe, koleo, mvukuto na nyundo bila mtu. Chora mpaka ujue nyundo inashikwa sehemu gani ya mpini, maana hapo mbao imelainika na kung'aa. Ukishajua hapo, mkono utajikuta umeuchora sawasawa.

Na usimwambie asimame ukae umchore. Mwache afanye kazi, wewe subiri. Pigo la nyundo linarudi pale pale kila mara. Utakosa mara kumi, la kumi na moja utalikamata.

---

#29 Mwanahamisi_R

Na ukifika pale tazama ni nani anavukuta. Mara nyingi mhunzi hayuko peke yake, kuna kijana au mtu wa nyumbani kwenye mvukuto. Naye mchore.

---

#30 MbishiDaima

Na mlipe. Wote wawili.

---

#31 KidatoChaRangi

Kuna kijana kweli kwenye mvukuto, sikuwa nimemweka kabisa kwenye karatasi. Kesho naenda na karatasi kubwa zaidi, hii haitawatosha.